Ganzi ya Kulwa

Siku ya pili baada ya ndege kuanguka, samaki walikuwa wameshaanza kuoza. Ilikuwa minofu ya sangara, shehena nzima iliyokuwa inakwenda kuliwa na watu ambao hata Mwanza hawajui iko wapi. Sasa ilikuwa imetapakaa kwenye majaruba ya mpunga ya Mwabagole, na korongo walitembea juu yake kwa madaha kama wajumbe wa kamati ya harusi. Sekela Mwansasu alivua viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia topeni. Kazi yake ilikuwa kuchunguza ajali za ndege, na alikuwa ameifanya muda mrefu kiasi kwamba hakuziba tena pua. Kila ajali ina harufu yake. Hii angalau haikuwa ya watu.

Aliyekufa alikuwa mmoja, rubani msaidizi aliyeitwa Juvenali, na mwili wake ulikuwa mochwari ukisubiri ndugu. Rubani mkuu, Kapteni Aikande Mushi, alitoka mzima, kama kuvunjika nyonga na kuwekewa askari mlangoni mwa wodi ni uzima.

"Bi Sekela, kesi hii nyeupe kabisa," alisema Bwana Fikirini, aliyetumwa na kampuni yenye ndege, Mbayuwayu. Yeye alikuwa amesimama juu ya tuta, viatu vinang'aa, kitambaa puani. "Injini ya kushoto imemeguka mapangaboi hewani. Rubani, badala ya kuizima hiyo, akazima ile nzima. Akabaki hana hata moja. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa."

"Mtoto wa darasa la tatu atauliza kwa nini."

"Kwa sababu alichanganyikiwa! Binadamu si tunachanganyikiwa?"

Sekela alikuwa ameifikia injini ya kushoto, imelala ubavu katikati ya mpunga, nusu imezama. Kwenye bati lake mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa polepole: KULWA. Ya pili ilikuwa kule karibu na mfereji, nyeusi tupu kwa moto, na bado ungeweza kusoma herufi za DOTO.

Mtindo huo ulianzishwa na mafundi wa Mwanza mara tu injini zilipoanza kupewa hisia. Inayowashwa kwanza ni Kulwa, inayofuata ni Doto, na kama ilivyo kwa mapacha wa Kisukuma, ukimpa mmoja unampa na mwenzake. Ukimwosha huyu unamwosha na yule, hata kama yule ni msafi. Wakubwa wa makao makuu walicheka sana, mpaka walipoona ndege za Mwanza haziharibiki ovyo. Wakaacha kucheka, ila hawakuwahi kusema asante.

Sekela aliingiza mkono kwenye upenyo wa bati lililochanika, akapapasa. Ulikuwepo. Utando wa neva, laini na mwembamba kama ule ulio ndani ya ganda la yai, ulioteshwa kwenye matangi na kutandazwa kuzunguka matumbo ya injini. Zamani injini zilitoa namba. Zilitoa namba nyingi mno, rubani na fundi wakazizoea, na watu wakafa mbele ya namba zilizokuwa zikisema kila kitu. Maumivu, wakasema wataalamu, hayazoeleki. Basi injini zikafundishwa kuumia. Ikipata ufa inalia, na kilio kinaingia moja kwa moja masikioni mwa rubani na kwenye spika za karakana, na hakuna anayekunywa chai mpaka kimetafutiwa sababu. Ajali zilipungua hata wanaharakati waliopinga mateso hayo wakanyamaza. Sheria ilisema injini ni mashine. Haikusema kilio chake ni nini.

Utando wa Doto ulikuwa umeungua wote. Wa Kulwa ulikuwa unyevu, na vuguvugu. Sekela alitoa mkono haraka, akaufuta kwenye suruali. Hakupenda kugundua kwamba shahidi wake yuko hai.

*

Askari wa mlangoni alimpisha. Aikande alikuwa amelazwa chali, mguu umening'inizwa kwa uzito, macho darini.

"Dada, Juvenali ameshazikwa?"

"Bado. Ndugu zake wako njiani. Pole sana, Kapteni."

"Usinipe pole. Nimemuua mimi."

"Hilo ndilo nililokuja kuuliza. Nieleze taratibu."

Aikande alimeza mate. "Tulikuwa tunapanda, ndege nzito, chini naona mpunga. Nikasikia kishindo, halafu mtikisiko, kama gari limekanyaga jiwe. Nikasema ndege wa porini huyo, ameingia. Hapo hapo Doto akaanza kupiga kelele. Dada, nimeruka na injini hizi tangu zianze, sijawahi kusikia kilio cha namna ile. Juvenali alivua vipokea sauti akavitupa. Mimi ndiye niliyewafundisha marubani wote wa Mbayuwayu, na nawaambia jambo moja: anayelia ndiye mgonjwa, mzime apumzike, mwenzake atakufikisha. Nikamzima Doto."

"Na geji? Hazikukuonyesha kwamba ni Kulwa anayekufa?"

"Zilionyesha. Nimekuja kukumbuka hapa kitandani, sindano ya Kulwa ilikuwa imelala kabisa." Machozi yalimtiririka pembeni mwa uso yakaingia masikioni, na hakuyafuta. "Nani anaangalia geji, mtu akiwa anakulilia sikioni?"

Doto alikuwa mzima mpaka ndege ilipoanguka, hilo Sekela alikwisha kuliona kwenye mapangaboi yake. Alilia kwa sababu alibebeshwa ghafla mzigo wa watu wawili. Kilio cha aliyelemewa na kilio cha anayekufa havina tofauti kubwa ukivisikia kwa mara ya kwanza.

"Kapteni, na Kulwa? Yeye alilia vipi?"

"Hakulia."

"Hata kidogo?"

"Hata mguno." Ndipo Aikande akageuza kichwa, kwa mara ya kwanza akamtazama. "Mapangaboi yamemeguka, moto unawaka tumboni mwake, na hakusema kitu. Dada, inawezekanaje?"

Sekela aliinuka. Alijua inawezekanaje, na alitamani asijue.

"Wakinifunga nitafungwa," Aikande alisema nyuma yake. "Sheria ni hiyo, rubani akizima injini nzima mtu akafa, anakwenda jela. Lakini niambie kama nilikosa au nilikosewa. Nitaishije bila kujua hilo?"

*

Kila injini yenye hisia ina kifungo cha ganzi, kidogo kama kifuniko cha soda, kimefichwa chini ya bati. Fundi hukibonyeza anapotaka kuifungua injini, ili aikate na kuichokonoa bila kuitesa, kisha hukivuta kabla ya safari. Ni ubinadamu wa kawaida, na wala hauna gharama. Ila ganzi haiui maumivu. Inayazuia mlangoni tu. Yanapanga foleni, kila moja na wakati wake, na siku ganzi ikivutwa yanaingia yote kwa mpangilio ule ule yaliyofikia. Baada ya matengenezo ya kawaida utasikia mguno mfupi, basi.

Asubuhi iliyofuata Sekela alilala chali kwenye tope chini ya Kulwa na tochi mdomoni. Kifungo kilikuwa kimebonyezwa ndani.

"Kimegonga ardhi," Bwana Fikirini alisema alipoonyeshwa. "Kitu gani hakijabonyea hapa? Hata mlango wa choo cha ndege umejifunga wenyewe."

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kifungo hakisemi kilibonyezwa lini. Anayesema ni Kulwa mwenyewe, na Kulwa hawezi kusema mpaka ganzi ivutwe.

Fundi mkuu wa karakana ya Mwanza alikuwa amefika na gari la kubebea mabaki. Aliitwa Shija, mtu mzima wa mvi chache na mabega ya kubebea magunia. Hakusalimia mtu. Alikwenda kwanza kwa Doto kule mferejini, akaliondoa tope kwenye jina kwa kiganja, kisha akaja kwa Kulwa akafanya vile vile. "Pole, baba," akamwambia. Ndipo alipomgeukia Sekela na kumpa mkono uliojaa tope, na Sekela akaupokea.

"Kaka Shija, nisaidie kumshikilia. Navuta ganzi."

Mkono wa Shija ulibaki mkononi mwake. "Usiivute, dada."

"Kwa nini?"

"Yamejaa humo."

"Tangu alipoanguka?"

Shija alitazama korongo. Alitazama gari lake. Bwana Fikirini akasogea ukingoni mwa tuta ili asikie vizuri, na kwa mara ya kwanza kiatu chake kikagusa tope.

"Tangu kabla ya mvua kuanza," Shija alisema. "Nilimbonyeza mimi, sikumvuta."

Sekela alijifunza zamani kwamba mtu akianza kuteremsha mzigo, usimshike mkono.

"Alikuwa analia kila akiwashwa. Nikamfungua. Nikamtazama kwa taa, nikampitisha kwenye mashine ya picha, nikarudia. Safi. Nikapeleka taarifa ofisini, wakanijibu fundi, huyo anadeka tu, shehena inaondoka." Alimtupia jicho Bwana Fikirini, akalirudisha. "Dada, jina langu unajua maana yake?"

"Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha."

"Basi. Mimi nilikuwa na Kulwa wangu na Doto wangu. Kulwa alikuwa na siko seli. Ukimtazama hana kidonda, hana uvimbe, na analia mpaka sauti inakauka. Zahanati wanasema hawaoni kitu. Baba anasema mtoto anadeka. Nililala naye kitanda kimoja mpaka alipokufa, na sikuwahi kumpa chochote, kwa sababu hapakuwa na chochote." Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa imeshachoka kutetemeka. "Sasa huyu naye analia, nimetafuta sioni, na mkubwa ananiambia anadeka. Nikajua ni yale yale, maumivu yasiyo na mahali. Ila safari hii nina cha kumpa. Nikambonyeza. Nikasema aruke bila kuumia, ubaya uko wapi?"

"Ulikuwepo ufa," Sekela alisema polepole. "Kwenye shina la pangaboi, ndani, taa haifiki. Nimeuona jana pale lilipomegukia."

"Kwa hiyo alikuwa anasema kweli."

"Alikuwa anasema kweli."

Shija alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na jambo dogo. "Na Doto sikumpa. Doto alikuwa haumwi. Nilimpa mmoja nikamnyima mwenzake, mimi, niliyewafundisha vijana wote pale kwamba haifanywi. Ningewapa wote wawili, kapteni asingesikia mtu akilia. Angeangalia geji."

Sekela aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi. Moyo wake ukawa mwepesi ghafla. Hapa pana mtu mzima amekiri mbele ya mashahidi. Aikande atatoka, na Kulwa ataachwa humu topeni, utando ukauke taratibu, afe bila kujua kwamba aliwahi kuanguka. Alimwita karani wake aje arekodi.

"Rekodi tu," Bwana Fikirini alisema kutoka tutani. "Ila nikuambie mapema wakili wetu atakavyosema. Huyu fundi na kapteni wanaimba kwaya moja. Wakati mama yake kapteni anaumwa, huyu alikuwa anampelekea uji. Anambebea msalaba. Hiyo ndiyo itaandikwa magazetini, na hakimu anasoma magazeti." Alikuwa akisema bila chuki, kama anayekusaidia. "Kosa la rubani ni la rubani. Kosa la fundi ni la kampuni. Unafikiri watalikubali kwa maneno matupu? Utahitaji sauti ya injini, Bi Sekela. Na kanuni unaijua. Shahidi akishaamshwa halazwi tena mpaka hukumu."

Sekela aliijua. Aliijua kwa sababu ilikuwa na mantiki: ukimrudishia ganzi, foleni mpya inaingiliana na ya zamani, na hakuna mahakama itakayoweza kutofautisha jana na juzi. Kwa hiyo injini iliyoamshwa hukaa macho kwenye stoo ya vielelezo, na kipoozeo kinautunza utando usikauke, mpaka hakimu agonge nyundo. Kesi za anga hazikuwa na haraka. Alishawahi kupita nje ya stoo ile akaona walinzi wamejiziba masikio kwa pamba, wanacheza bao.

Alikaa juu ya tuta, miguu majini. Mtu kwa mashine. Ni hesabu rahisi kwa anayeipiga akiwa mbali. Aikande ana nyonga iliyovunjika na swali moja, na jibu lake liko mle ndani ya bati. Kulwa hana swali. Kulwa alisema ukweli tangu mwanzo, akaambiwa anadeka, akafungwa mdomo kwa upendo, na sasa atafunguliwa aseme tena ukweli ule ule, wote kwa mara moja, na malipo yake ni kuendelea kuusema. Kama ni mashine, kwa nini juzi Sekela aliufuta mkono haraka kwenye suruali? Na kama si mashine, wao wote pale walikuwa nani?

Alitamani mtu mwingine aamue. Alitazama huku na huku, akawaona korongo.

"Kaka Shija," alisema mwishowe. "Lazima nivute."

"Najua."

"Ukitaka, kakae kwenye gari."

"Nilale naye siku zote hizo, halafu leo nikakae kwenye gari?" Haikujulikana alikuwa akimsema Kulwa yupi. Alipiga magoti topeni, akalikumbatia bati kwa mikono yote miwili, akaweka shavu lake juu ya jina.

Sekela alivaa kipokea sauti sikioni, akaunganisha kinasa, akavuta.

Kilio kilianza kidogo. Kilikuwa kinung'uniko cha kale, cha ufa uliokuwa bado unywele, kikija na kuondoka kila injini ilipowashwa na kuzimwa. Kwenye kioo cha kinasa mstari ulijichora wenyewe, na tarehe zake pembeni: kabla ya mvua, mvua, baada ya mvua. Ushahidi ulikuwa umeshakamilika hapo. Kapteni alikuwa ameshakuwa huru, na Sekela angetoa kila alichonacho ili kiishie hapo. Kikapanda. Kikawa cha safari hadi safari, kikapoteza pumzi za katikati, kisha pangaboi likameguka na Kulwa akapiga ukelele ambao uliwarusha korongo wote wa Mwabagole kwa pamoja. Moto ukafuata. Kuanguka kukafuata. Halafu siku za tope, ndefu, bila kitu kipya cha kuumia isipokuwa vyote vya zamani.

"Nyamaza, baba," Shija alikuwa akisema. "Nyamaza. Nyamaza."

Bwana Fikirini alikuwa amekwishaondoka. Viatu vyake vimeacha alama kwenye tuta, za mtu aliyekimbia.

*

Saa za alasiri Kulwa alipandishwa kwenye lori, akafunikwa turubai, akaunganishwa kipoozeo. Turubai halikusaidia. Wanawake waliokuwa wakirudi shambani walitua majembe wakashika vichwa, wakauliza ni nani amefiwa. Shija alipandishwa gari la polisi, pingu mkononi, na Sekela akakaa pembeni yake kwa sababu hakukuwa na nafasi mbele.

Alikuwa ameshampigia simu Aikande. "Hukukosa," alimwambia, "ulikosewa." Alitegemea kusikia shukrani au kilio. Aikande aliuliza nani aliyemkosea, na alipotajiwa jina akakata simu.

Magari mawili yalifuatana mpaka njia panda. Hapo lori likashika barabara ya lami kuelekea uwanjani kwenye stoo, na gari la polisi likapinda njia ya vumbi kwenda kituoni. Kilio kilibaki nyuma, kikafifia, kikachanganyika na ngurumo ya gari. Mwisho hata dereva, aliyekuwa ameinua mabega mpaka masikioni, akayateremsha.

Shija aliinua kichwa. Alisikiliza kwa makini, kama fundi anavyosikiliza.

"Dada," alisema. "Amenyamaza?"

Kipokea sauti, kisichohitaji waya, kilikuwa bado sikioni mwa Sekela. Kanuni ilimtaka asikivue mpaka kielelezo kimepokelewa, na mle ndani Kulwa alikuwa hajapunguza hata kidogo. Alikuwa amerudi mwanzo, kwenye ule ufa mwembamba, na anaanza upya. Katika kazi yake yote Sekela hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu injini.

"Amenyamaza, kaka Shija," alisema. "Muda mrefu sasa."

Shija alishusha pumzi iliyotoka mbali. Alilaza kichwa kwenye kioo cha dirisha, na kabla hawajafika kituoni usingizi ulikuwa umemchukua, mdomo wazi kidogo, pingu zimelala mapajani. Sekela alimtazama, akakikaza kipokea sauti sikioni kwa kidole, sauti isije ikavuja ikamwamsha.